Moduli ya ZFS ikigoma kukompailiwa kwenye kerneli mpya, wa kurekebisha ni nani?

Mleta mada:
Wakuu, salamu. Hoja hii imenikaa rohoni muda mrefu, leo naileta tuijadili.

Mwaka 2024 nilipandisha kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux hadi toleo la 6.9 kwenye seva ninayoitunza. Ina diski nne zilizofungwa pamoja kwa ZFS, mfumo wa mafaili usiomo ndani ya kerneli, unaoongezwa juu yake kama moduli. Nikaiwasha upya, ikaamka bila data. Diski zinaonekana, ila hakuna linalosomeka. Kufungua kumbukumbu za DKMS, zana inayozijenga upya moduli za nje kila kerneli mpya inapowekwa, nikakuta hati ya maandalizi ya ZFS ilijaribu kila umbo inalolijua la funksheni ya kerneli ya kufungua diski, haikupata hata moja, ikasimama. Moduli haikujengwa kabisa. Nilichagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB inayotokea mashine inapowaka, na kila kitu kikarudi, lakini kwa saa tatu ofisi nzima ilikuwa haina mafaili yake.

Nikafuatilia historia ya funksheni yenyewe. Hadi 6.4 iliitwa `blkdev_get_by_path`, yenye vigezo vitatu. Agosti 2023, toleo la 6.5 likaongeza cha nne. Januari 2024 ikaja 6.7 na `bdev_open_by_path`, inayorudisha kitu cha aina nyingine. Mei 2024, 6.9 ikaleta `bdev_file_open_by_path`, nayo inarudisha faili. Jambo lile lile la kufungua diski limegeuzwa mara tatu katika muda usiofika miezi tisa!

Msimamo wangu: anayegusa msimbo wa hifadhi anagusa data za watu. Watu wa kerneli wangeiacha njia ya zamani angalau mwaka mmoja kabla ya kuifuta. Karibuni.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, pole kwa yaliyokukuta, ila hapo napingana nawe. Linux haijawahi kuahidi kwamba sehemu zake za ndani hazitabadilika. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kerneli, aliliandika hilo wazi katika nyaraka za kerneli zamani sana. Ahadi iliyopo ni kwa programu za mtumiaji: hizo zikivunjwa, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anakuwa mkali kweli.

Na kuna upande hujausema. Aliyebadilisha funksheni hiyo hakuondoka na kuwaachia wengine mzigo. Alipita mifumo ya mafaili ya ext4, XFS, Btrfs, F2FS na kila msimbo mwingine ulio ndani ya kerneli unaoiita, akarekebisha mwenyewe katika mfululizo ule ule wa viraka (vipande vya marekebisho ya msimbo). Ndiyo desturi ya ndani: ukivunja, unatengeneza. Hawezi kutengeneza msimbo uliohifadhiwa mahali pengine, ambao hauoni.

Isitoshe, mabadiliko hayo yalikuwa na kazi. Yale ya 6.5 yanaiwezesha kerneli kuuarifu mfumo wa mafaili pale diski inapochomolewa. Yaliyofuata yaliandaa njia ya kuzuia programu kuandika moja kwa moja kwenye diski ambayo mfumo wa mafaili unaitumia. Hiyo ni kulinda data zile zile unazozililia. Ukibakiza njia ya zamani mwaka mzima, tundu nalo linabaki wazi mwaka mzima.

Mchangiaji wa 2:
Naunga mkono hoja ya mchangiaji wa 1, ila ZFS haiko nje kwa kupenda. Sun Microsystems waliitoa mwaka 2005 chini ya leseni ya CDDL, na kerneli iko chini ya GPL toleo la 2. Wengi wanaona leseni hizo mbili haziwezi kukaa pamoja katika programu moja. Oracle waliinunua Sun mwaka 2010, kwa hiyo ufunguo wa msimbo ule wa asili wanao wao. Januari 2020 Torvalds alisema hataupokea bila barua rasmi ya Oracle iliyotiwa saini. Hadi leo haumo.

Kumwambia mtumiaji "hamia ndani" wakati mlango umefungwa na mtu mwingine si haki.

Mchangiaji wa 3:
Na hata ukiingia, unaweza kutolewa. bcachefs, mfumo mwingine wa mafaili, iliingia katika kerneli 6.7, na mwaka 2025 msimbo wake ukaondolewa katika 6.18 baada ya mvutano mrefu kati ya mtunzaji wake na Torvalds kuhusu namna na wakati wa kuleta mabadiliko. Waliokuwa wameiwekea data zao sasa wanategemea DKMS kama sisi wa ZFS.

Mleta mada:
Nimesoma yote, ahsanteni. Mchangiaji wa 1, hoja ya tundu kubaki wazi imenigusa. Lile dai la mwaka mmoja nalifuta.

Lakini kuna kosa ambalo hakuna aliyelijibu. Kujengwa kwa moduli kulishindikana, hilo lilijulikana kabla sijaiwasha mashine upya. Lilikuwa limeandikwa kwenye kumbukumbu! Hata hivyo kerneli mpya iliwekwa kuwa ya kwanza kwenye menyu, kana kwamba mambo ni shwari. OpenZFS wenyewe, mradi unaoitunza ZFS, huandika katika faili liitwalo META toleo la juu kabisa la kerneli wanaloliunga mkono. Kwa nini distro (Linux iliyofungashwa, kama Ubuntu) isilisome? Moduli inayobeba data ikikosa kujengwa, kerneli hiyo isiruhusiwe kuwa chaguo la kwanza. Hilo halihitaji Torvalds wala mwanasheria wa Oracle.

Mchangiaji wa 1:
Hapo tunakaribiana. Ila fikiria kerneli iliyoletwa kuziba udhaifu wa usalama. Ukiizuia kwa sababu ya moduli moja, umeiacha mashine na tundu lililokwisha kutangazwa hadharani.

Mleta mada:
Kwa seva ya hifadhi nachagua kusubiri. Viraka vya usalama huletwa pia kwenye matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu kama 6.6, na huko sehemu za ndani hazihamishwi ovyo.

Mchangiaji wa 4:
Mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Kabla ya kuwasha upya, nitajuaje kama moduli imejengwa?

Mleta mada:
Andika `dkms status`. Tafuta mstari wa zfs wenye namba ya kerneli mpya, na mwishoni pawe pameandikwa `installed`. Mstari huo ukikosekana, usiwashe upya. Na kerneli ya zamani usiifute mpaka umeona amri ya `zpool status`, inayoonyesha hali ya diski za ZFS, inajibu vizuri ukiwa ndani ya mpya.

Mchangiaji wa 1, suala la usalama bado nalitafakari. Wenye seva zinazokabili intaneti moja kwa moja, nyie mnafanyaje?