Mjadala: Taka za hoteli ya kisiwani zichomwe hukohuko au zirudi na boti?

Mtoa mada
Wakuu, kila hoteli ya kitalii inapojengwa kwenye kisiwa kidogo chenye matumbawe, ugomvi huwa ni uleule: taka ziende wapi, na wageni wafikeje. Watu huyachukua kama mambo mawili. Kwangu ni moja, na jibu lake lipo gatini.

Itazameni boti ya mizigo ikifika asubuhi. Imezama kwa uzito: kreti za vinywaji, mitungi ya gesi, maboksi ya sabuni. Ikishashusha, inaondoka inaelea kama kifuu, haina kitu zaidi ya kamba na madumu. Na nyuma ya jiko shimo linafuka moshi. Nafasi ipo, na mafuta ya kurudi yangeungua vilevile. Kwa hiyo nasema iwe sharti la leseni: boti iliyoleta ndiyo iondoe.

Mabaki ya jikoni siyahesabu. Sehemu kubwa ni maji, na kuyasafirisha ni kulipia nauli ya maji. Hayo yachanganywe na majani makavu yawe mboji, mradi panya na kunguru wasiyafikie.

Mchangiaji wa 1
Naomba kutofautiana, mkuu. Maldives walifanya hivyohivyo. Taka za hoteli zilipakiwa botini zikapelekwa Thilafushi, kisiwa karibu na mji mkuu Malé kilichotokana na kufukia wangwa kwa taka tangu miaka ya 1990. Wageni walilala kwenye mchanga mweupe, moshi wakavuta wengine. Bora kichomeo cha kisasa kilekile kisiwani, kila mtu abaki na uchafu wake.

Mtoa mada
Thilafushi nakubali, ni aibu. Boti bila mahali pa maana pa kupokelea ni kuhamisha jalala tu. Ila kichomeo kidogo hakikuokoi. Ukikitia taka mbichi joto linashuka, na plastiki zenye klorini zikiungua kwa joto dogo hutoa sumu iitwayo dioksini. Majivu nayo yana sumu, yanatakiwa yaondolewe kwa chombo gani? Kwa boti hiyohiyo. Hapo sijagusa hewa ya chumvi inavyokula vyuma, na fundi yuko ng'ambo.

Mchangiaji wa 2
Mnabishana kuhusu chupa wakati tatizo ni vyoo na idadi ya watu. Boracay, Ufilipino, ilifungwa miezi sita mwaka 2018 kwa sababu ya majitaka yaliyoingia baharini. Iliporudi ikawekewa ukomo wa watalii. Lord Howe ya Australia ina ukomo wa wageni wapatao 400 kwa wakati mmoja, na wengi wao huzunguka kwa baiskeli. Chumbe, Zanzibar, wana vyumba saba tu na vyoo vya mboji visivyotumia maji. Wekeni ukomo wa vitanda, mengine yatajipa.

Mtoa mada
Kwenye majitaka umenishinda, boti haisaidii. Ila vitanda peke yake vinadanganya. Wageni kumi wakija pamoja ni safari moja. Kila mmoja akifuatwa na boti yake ya kasi ni safari kumi, na kasa anayepanda kuvuta pumzi hajui ratiba. Ningehesabu safari: saa maalumu za kuondoka, kufunga kwenye maboya, marufuku kutia nanga juu ya matumbawe. Mgonjwa wa dharura asihesabiwe. Aliyechelewa ndege alale ng'ambo. Najua wenye hoteli watapiga kelele hapo.

Mchangiaji wa 3
Mimi nimeosha vyombo hoteli ya kisiwani, niwaambie kinachotokea. Mifuko tuliifikisha gatini. Nahodha akaikataa, na alikuwa na haki: inavuja, inanuka, na kesho sitaha ileile inapakia samaki na mboga. Tukairudisha shimoni. Kwenye pipa la mboji nako tulikuta glavu, vijiko, vifuniko vya chupa, maana usiku wa manane hakuna anayechambua.

Mtoa mada
La nahodha sikulifikiria. Basi sharti libadilike: zinazopanda boti ziwe kavu tu, makopo na chupa zimesuuzwa, ndani ya mapipa yenye vifuniko vya kubana, na sitaha ioshwe kabla ya kupakia chakula. Na anayechambua awe na zamu yake inayolipwa, isiwe nyongeza ya muosha vyombo. Mkuu, ungekuwa bado pale, pipa la namna hiyo nahodha angelipokea?

Mchangiaji wa 3
Likiwa limefungwa, angelipokea. Lakini maji ya kusuuzia tulikuwa tunaletewa na boti.