Binti yangu ana miaka 16, anafunga karibu kila mechi na anataka kuacha shule afuate soka. Naombeni ushauri

Baba wa Igoma
Habari zenu wadau. Nipo Mwanza, nina watoto watatu. Wa pili ni binti wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, anacheza namba tisa, mshambuliaji wa kati. Tangu UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ya mwaka huu watu nisiowajua wananisimamisha sokoni kunipa hongera. Anapiga kushoto na kulia. Akitoka shule anaupiga mpira kwenye ukuta wa ghala la jirani mpaka giza linaingia.

Sasa amekuja mtu anajiita wakala. Anasema ana timu Ulaya, ila binti aondoke Januari, shule aache, maana "soka halisubiri". Anataka nitangulize milioni tatu za viza na tiketi. Binti anang'ang'ania. Kila siku ananionyesha kwenye simu habari za Christine Sinclair, yule Mkanada mwenye mabao 190 ya timu ya taifa. Ananiambia, "Baba, huyu alianza timu ya taifa na miaka 16, mimi nachelewa." Mama yake hataki hata kusikia, anasema mpira wa wanawake hauna pesa.

Nimekaa katikati. Nimwachie au nimzuie? Wenye uzoefu nisaidieni.

Kocha wa Nyasaka
Baba, kabla ya yote: usitoe hata shilingi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake, ukiacha sababu chache sana, kwa mfano wazazi wenyewe wamehamia huko kwa shughuli zao zisizohusu mpira. Kuna nafuu ya miaka 16 hadi 18 kwa uhamisho wa ndani ya Ulaya, lakini haimhusu mtoto anayetoka Igoma. Kwa hiyo hiyo timu, hata kama ipo, haiwezi kumsajili Januari.

La pili, wakala wa kweli ana leseni ya FIFA na jina lake lipo kwenye orodha ambayo yeyote anaweza kuitazama mtandaoni. Analipwa asilimia kutoka kwenye mkataba ukishasainiwa. Anayekuomba wewe mzazi milioni tatu mkononi ana biashara nyingine. Nimeona familia imeuza kiwanja kwa maneno kama hayo hayo, na mtoto hakufika hata uwanja wa ndege.

Mpenda Kabumbu
Milioni tatu?? Mkuu mfukuze huyo mtu leo.

Dada wa Vancouver
Kaka, mimi naishi huku kwao Sinclair. Kwao hasa ni Burnaby, mji unaopakana na Vancouver, na huko kuna kituo cha michezo cha jamii kinachoitwa kwa jina lake. Mwambie mwanangu huyo asiishie kwenye hiyo namba 16, asome na yaliyofuata.

Ni kweli, Machi 2000 alikuwa na miaka 16 alipoichezea Kanada kwa mara ya kwanza, kule Ureno kwenye Kombe la Algarve. Mashindano yalipoisha alirudi nyumbani, akamaliza sekondari, na 2001 akaingia Chuo Kikuu cha Portland, Marekani. Akiwa pale alichukua ubingwa wa vyuo mara mbili, 2002 na 2005, na msimu huo wa 2005 alifunga mabao 39, rekodi ya vyuo vya daraja la kwanza. Katikati alikuwa ameshacheza Kombe la Dunia la 2003 na kufunga. Alikuwa nyota tayari, na bado alirudi darasani.

Sasa sikiliza sehemu ambayo binti hajaonyeshwa kwenye simu. Mwaka 2010 Sinclair alikuwa FC Gold Pride, wakawa mabingwa wa Marekani. Klabu ikafungwa mwaka huo huo kwa kukosa pesa. Akaenda Western New York Flash, 2011 wakawa mabingwa tena. Mwaka uliofuata ligi nzima ikavunjwa. Huyu ni mmoja wa washambuliaji bora duniani, ana makombe mawili ya misimu miwili mfululizo, na hana timu. Ilipoanzishwa NWSL, ligi mpya ya wanawake ya Marekani, mwaka 2013 ndipo akapata pa kutulia, Portland Thorns, akakaa nao mpaka alipotundika njumu 2024. Kama Sinclair yalimkuta hayo, binti wa kidato cha tatu asiye na cheti atashika nini siku klabu ikifungwa?

Na hilo la "soka halisubiri" si kweli. Bao lililomvusha juu ya rekodi ya mabao ya timu ya taifa ya Abby Wambach wa Marekani, la 185, alilifunga Januari 2020 dhidi ya Saint Kitts na Nevis. Alikuwa na miaka 36. Ilikuwa imepita karibu miaka ishirini tangu Algarve.

Mtoto wa Temeke
Dada, nakuheshimu, ila Sinclair alikulia mahali ambapo shule na uwanja mzuri viko mtaa mmoja. Watoto wetu njia yao ni nyingine. Tazama Temwa Chawinga wa Malawi. Hakupita chuo cha Marekani. Alikwenda Sweden, kisha China, na 2024 akiwa Kansas City Current alifunga mabao 20 ya ligi, rekodi ya NWSL kwa msimu mmoja, na akawa mchezaji bora wa ligi. Na wetu Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, baadaye Brighton ya Uingereza. Tukisubiri digrii, mtoto atafika miaka 23 hajulikani popote.

Kocha wa Nyasaka
Temeke, mifano yako nimeipenda, lakini angalia umri. Chawinga alikwenda Sweden akiwa na miaka 18. Masaka naye 18. Wote walianzia nyumbani, wakaonekana nyumbani, wakaondoka kwa mikataba. Hilo linamfaa binti wa Igoma kabisa: ana miaka miwili ya kumaliza kidato cha nne huku akicheza. Hapo hapo Mwanza wapo Alliance Girls, na Alliance ni shule yenye mpira ndani yake. Mzazi anaweza kwenda kuuliza Jumatatu kwa nauli ya daladala.

Mama wa Tanga
Mimi nasimama na mkeo kidogo, kwa sababu hakuna anayemsemea. Wasiwasi wake ni wa haki. Februari 2023 wachezaji wa Kanada, mabingwa wa Olimpiki, waligoma wakidai malipo na bajeti ya timu, na nahodha wao alikuwa Sinclair huyo huyo. Mabingwa wa Olimpiki! Halafu kuna magoti. Wasichana huumia ligamenti ya goti zaidi ya wavulana, na ikikatika ni miezi tisa nje, pengine zaidi. Nilimuuguza mdogo wangu. Klabu yake ililipa kipimo cha kwanza ikanyamaza, mengine yote tulichangishana ukoo mzima. Kabla ya mkataba wowote ulizeni nani analipa hospitali, na iandikwe.

Lakini msimvunje moyo. Anayepiga ukuta mpaka usiku bila kuamrishwa ana kitu ndani yake.

Dada wa Vancouver
Mama wa Tanga umesema vizuri. Niongeze moja la kumwonyesha binti, kaka. Olimpiki ya London 2012, nusu fainali pale Old Trafford, Sinclair aliwafunga Marekani mabao matatu peke yake na bado Kanada wakalala 4-3 katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. Wengi wangebaki chini. Siku tatu baadaye waliifunga Ufaransa wakachukua shaba, na yeye akaondoka mfungaji bora wa mashindano kwa mabao sita.

Kisha Olimpiki ya Tokyo, 2021, nusu fainali, Marekani tena. Penalti imepatikana. Nahodha mwenye mabao kuliko binadamu yeyote wa timu za taifa anaushika mpira, anatembea nao, anamkabidhi Jessie Fleming, binti mdogo kwake kwa karibu miaka 15. Fleming akafunga, 1-0, wakaenda fainali, wakachukua dhahabu. Namba tisa wengi niliowaona mpira ule wasingeutoa. Desemba 2023 alipoiaga timu ya taifa, uwanja wa BC Place ulipewa jina lake kwa usiku huo na watu zaidi ya 48,000 walikuja. Nilikuwepo, nililia kama nimefiwa.

Baba wa Igoma
Nawashukuru sana, mmenifumbua macho. Nilimuuliza yule bwana namba ya leseni, akakata simu, tangu hapo hapokei. Binti alinuna, ila nimemsomea habari za Gold Pride na za umri wa Masaka, akaniomba nizirudie mbele ya mama yake. Tumekubaliana kidato cha nne kinamalizwa. Mama yake naye kasema atakwenda Alliance yeye mwenyewe, anataka kuona mabweni kwa macho yake.

Kocha, swali: kuna mtu ameniambia nianze kumrekodi. Nirekodi nini hasa? Nina simu ya kawaida.

Kocha wa Nyasaka
Simu inatosha. Panda juu kidogo, kwenye jukwaa au hata nyuma ya pickup, shika simu kwa ulalo, rekodi mechi nzima. Usikate mabao tu, mabao kila mtu anayo. Sisi tunataka kuona anafanya nini mpira ukiwa mbali naye: anageuza shingo kumtafuta beki kabla pasi haijafika? Akipoteza mpira anakimbia kuutafuta au anashika kiuno? Andika tarehe, timu zilizocheza na namba ya jezi. Na usimpe mtu video akiwa na sare ya shule yenye jina la shule.

Mechi ijayo wanacheza wapi? Kama ni upande huu wa Nyasaka nitakuja kumwangalia.