Joseph Guislain alikuwa nani?

Mkaaji wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi: Ndugu zangu wa Lubumbashi, mdogo wangu, ambaye mikono yake bado ina alama za kamba alizofungwa kijijini, anatibiwa katika kituo chenye jina la Joseph Guislain. Huyo alifanya nini?

Muuguzi mstaafu: Pole sana, ndugu. Alikuwa daktari wa Ubelgiji, aliyezaliwa Ghent mwaka 1797, na tangu 1828 alisimamia matibabu ya wagonjwa wa akili mjini humo pamoja na Padri Triest, mwanzilishi wa Mafurere wa Upendo, shirika la watawa Wakatoliki, akisisitiza wapewe kazi na heshima badala ya minyororo.

Mzazi wa Kenya, mtaa mwingine wa Lubumbashi: Mafurere hao ndio wanaoendesha kituo chetu. Hospitali aliyoibuni Ghent, yenye bustani, ilifunguliwa 1857, alifariki 1860. Ninamshukuru kwa moyo wote.