Tupeane uzoefu: kasa na kobe tuliokutana nao baharini, nyikani na nyumbani

Mwanzishaji wa uzi, Tanga

Ndugu zangu, naomba uzi huu ukusanye masimulizi ya kila aliyewahi kukutana na kasa wa baharini au kobe wa nchi kavu, awe alimwona ufukweni, alimkuta njiani au aliishi naye uani. Pamoja na simulizi, tafadhali tuelezeni mlichojifunza kuhusu maisha ya viumbe hawa, kwa maana wengi tunawapenda bila kuwafahamu.

Naanza na kobe wa marehemu bibi yangu, Pangani. Alikuwa kobe mwenye ganda la madoa, wa aina inayopatikana katika nyika zetu nyingi, na hakufungiwa popote. Alikula majani, matunda ya mpungate na maua yaliyoanguka, na kiangazi kilipokaza alijificha chini ya kichaka asionekane hadi masika. Vijana wa mtaani walipotaka kumtoboa ganda ili wamfunge kamba, bibi aliwakatalia kwa ukali, akiwaambia kwamba mnyama huyo anasikia maumivu. Alisema kweli: ganda la kobe ni mfupa ulioungana na uti wa mgongo na mbavu zake, nao una damu na mishipa ya fahamu. Sheria za Tanzania na Kenya zinataka kibali kabla ya mtu kufuga mnyamapori, kwa hiyo sisimulii haya ili kumshawishi yeyote akaokote wa kwake.

Mchangiaji kutoka Mafia

Shikamoo mzee, na ahsante kwa kuanzisha mada hii. Mimi ni mmoja wa wanakijiji wanaolinda viota vya kasa katika kisiwa cha Juani, kazi ambayo shirika la Sea Sense limeisimamia kwa miaka mingi pamoja na jamii zetu. Wanaotaga zaidi hapa ni kasa wa kijani, na ng'amba kwa uchache.

Kasa jike hupanda ufukweni usiku, akajikokota hadi juu ya alama ya maji kujaa, kisha akachimba shimo kwa mapezi ya nyuma kwa utaratibu ambao sijauchoka kuutazama. Wakati huo hatumulikii tochi wala hatusemi kwa sauti, kwa sababu akishtuka kabla ya kuanza kutaga hugeuka na kurudi majini. Hutaga mayai yapatayo mia moja na zaidi, akayafukia na kuondoka, asiyaone tena. Yale machozi mnayosikia yakisimuliwa ni kweli yapo, ila ni njia ya mwili wake ya kutoa chumvi ya bahari.

Kiota kikiwa mahali ambapo bamvua litakifikia, tunakihamisha mapema, saa chache tu baada ya kutagwa, na kila yai linawekwa bila kugeuzwa. Kiinitete hujishikiza upande wa juu wa yai, na ukiligeuza baada ya hapo unakiua. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto huzaa majike, na ule uliopoa huzaa madume. Ndiyo maana mimi nina wasiwasi mkubwa kuhusu miti ya ufukweni inayokatwa, kwani kivuli chake kina kazi ambayo wakataji hawaifikirii.

Watoto hutoka mchanga unapopoa, nao hufuata upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni upeo wa bahari. Taa ya hoteli huwapoteza wakaelekea nchi kavu, wakafa kwa jua la asubuhi au kuliwa na kaa na ndege. Wageni huja kutazama watoto wakitoka, na sehemu ya ada yao hurudi kijijini. Mtu anayetoa taarifa ya kiota naye hupewa malipo. Nimewaona watu waliokuwa wakichimba mayai kwa ajili ya kitoweo wakiwa sasa walinzi wakali kuliko sisi.

Mchangiaji kutoka Watamu, Kenya

Mimi ni mvuvi, na kasa nimewajua kupitia nyavu. Jarife haichagui: humnasa papa, taa na kasa pia, na kasa anapumua kwa mapafu, kwa hiyo akizuiwa chini kwa muda mrefu huzama kama mtu. Tangu miaka ya 1990 kuna kikundi hapa Watamu, ambacho leo kinaitwa Local Ocean Conservation, tunachokipigia simu tunapomnasa kasa. Wao humchukua, humpima, humfunga kitambulisho kwenye pezi na kumwachilia, na mwenye majeraha hulazwa katika kituo chao. Mvuvi hufidiwa kidogo kwa muda wake. Fedha hiyo si nyingi, lakini inatosha kuonyesha kwamba taabu yetu imetambuliwa.

Jambo moja ningependa kila mvuvi alijue. Kasa akitoka majini amelegea haina maana kwamba amekufa. Msimlaze chali. Mlazeni kifudifudi, nyuma pakiinuliwa kiasi cha shibiri moja ili maji yatoke mapafuni, mumfunike kwa kitambaa chenye unyevu kivulini, na mngoje. Kuna wanaozinduka baada ya saa nyingi.

Mchangiaji kutoka Pemba

Nitasema kwa ufupi, kwa sababu ni jambo la majonzi. Mwezi Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki katika kisiwa cha Panza baada ya kula nyama ya kasa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na mama aliyekula anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa. Mimi ni muuguzi, na ninawaomba wazazi wote wa visiwani wasikubali nyama hiyo hata ikiletwa kama zawadi.

Mchangiaji anayeishi Ohio, Marekani

Huku watu wengi hufuga kobe wa majini mwenye mabaka mekundu pembeni mwa kichwa. Akiwa mdogo anaenea kiganjani, lakini hukua hadi kupita sentimita 25 na huweza kuishi miaka 30, na wengi hushindwa njiani wakamtupa ziwani. Wa kwetu tulimchukua kutoka kituo cha kuhifadhi wanyama walioachwa. Anahitaji tangi kubwa lenye kichujio cha maji, mahali pakavu pa kuota joto, na taa maalumu inayotoa mionzi kama ya jua, la sivyo ganda hulainika. Watoto wangu hunawa mikono kila wanapomgusa, kwa kuwa hubeba bakteria wa salmonela. Ni kwa sababu hiyo tangu 1975 sheria ya hapa inakataza kuuza kama wanyama wa kufugwa wale ambao ganda lao halijafikia inchi nne.

Hata hivyo, ninayempenda zaidi ni yule kobe wa msituni anayevuka barabara zetu majira ya kuchipua. Huishi maisha yake yote katika eneo dogo analolijua, na ukimhamishia mbali hutangatanga akilitafuta. Nikimkuta barabarani humvusha kuelekea upande aliokuwa akiukabili, kisha namwacha.

Mchangiaji kutoka Babati

Wandugu, kwenye miamba ya huku, kuelekea Tarangire, tunao kobe wenye ganda bapa na laini. Ukimkaribia hakai akajificha ndani ya ganda. Hukimbia upesi akajipenyeza kwenye ufa wa jiwe, na kumtoa humo ni kazi. Jike hutaga yai moja tu kwa mara moja, ndiyo maana wakichukuliwa hawarudi kuwa wengi. Zamani walikuwa wakija watu kuwanunua kutoka kwa watoto wachungaji kwa bei ya pipi. Jana kijana wa jirani ameniletea mmoja akidhani nitamnunua. Nimfanyeje?

Mwanzishaji wa uzi, Tanga

Ndugu yangu wa Babati, mwombe kijana akupeleke kwenye ufa uleule alikomtoa, si mwamba mwingine ulio karibu na nyumba, kisha mfahamishe ofisa wanyamapori wa wilaya kwamba wanunuzi huenda wamerudi. Biashara ya kimataifa ya kobe hao waliochukuliwa porini imepigwa marufuku tangu 2019. Mpeleke leo kabla jua halijakuwa kali, na ukirejea utusimulie alivyoingia.