Tupeane uzoefu: MP3 ya mfukoni uliichaguaje?

Wakuu, poleni na majukumu. Naomba hapa tukusanye uzoefu wa kuchagua kile kimashine kidogo cha kusikilizia muziki, siyo simu. Wapo wanaosema vimeshapitwa na wakati tangu Apple waache kutengeneza iPod mwaka 2022, lakini madukani bado vipo vya kila aina, na bei zimeachana mno mpaka mtu hajui aanzie wapi. Naanza mimi.

Ni fundi cherehani, Morogoro. Mikono iko kwenye kitambaa kutwa nzima, kwa hiyo simu ya kugusa hainifai. Kuruka wimbo mmoja tu mpaka uache mshono, ufungue loki, na ukishafungua unakutana na meseji za wateja. Nilichotafuta ni vitufe. Dukani niliomba vifaa vitatu, nikavipapasa kimoja kimoja bila kutazama, nione kidole gumba kinafika wapi chenyewe. Nikachukua SanDisk Clip Jam. Ina kibanio, naibana kwenye kola, ina tundu la memori kadi, na kiwandani wanasema betri inakwenda hadi saa 18. Naichaji usiku, kutwa nzima inanifikisha. Ndani ina 8GB. Wimbo wa dakika 4 uliobanwa kwa kiwango cha 128 (yaani kilobiti 128 kwa kila sekunde ya muziki) unakula kama MB 4, kwa hiyo hapo zinaingia nyimbo karibu 2,000. Kama tundu la kadi lipo, usilipie nafasi kubwa ya ndani.

Karibuni.

Binti wa Tanga:
Asante fundi. Mimi nilimtafutia mama yangu, mtu mzima, macho yamepungua nguvu. Yeye ni Kurani baada ya alfajiri na taarabu jioni. Nilianza na hivi vya bei ya chini visivyo na skrini. Vinafanya kazi vizuri tu, ila jueni kwamba vingi havipangi mafaili kwa jina, vinafuata yalivyotangulia kuingia kwenye kadi. Ukimwaga sura zote 114 kwa mkupuo zinaweza kuchanganyika. Hata vile vinavyopanga kwa jina, ukiandika 1, 2, 3, vingine vikitoka 1 vinakwenda 10, halafu 100. Niliyaandika upya kuanzia 001 mpaka 114, nikafomati kadi, nikanakili kwa kufuata namba. Sasa inatoka Al-Fatiha mpaka An-Nas kwa utaratibu wake, na mama hana haja ya kuniita.

Taarabu nayo ina lake. Wimbo mmoja unapita dakika kumi, na mama akizima apokee mgeni, akiwasha kinaanza upya. Inamuudhi sana. Kwa hiyo kabla ya kulipa, weka wimbo mrefu, sogeza mpaka katikati, zima, kaa kidogo, washa. Muuzaji asiyetaka ujaribu, aga uende duka la pili.

Mdau wa Nairobi:
Salamu kutoka huku. Mimi ni mtu wa FLAC, muziki uliobanwa bila kupunguzwa chochote. Nilipata iPod Classic ya mtumba, ile ya 160GB. Ukiletewa moja, iweke sikioni kabla hujatoa pesa, maana ndani ina diski inayozunguka, na ukisikia inagonga-gonga, irudishe. Uliza pia kama betri imebadilishwa, kwa sababu Apple waliacha kuiuza 2014. Shida yake ni kwamba inadai iTunes, programu ya Apple ya kuingizia nyimbo kutoka kwenye kompyuta, na haichezi FLAC. Mimi nimeiwekea Rockbox, programu ya bure iliyoanza mwaka 2001, sasa navuta mafolda na kudondosha kama kwenye flashi.

Lakini hesabu nafasi. Wimbo ule ule wa dakika 4 kwa FLAC unaweza kufika MB 25 au 30. Na tafadhali msichukue MP3 ya 128 mkaigeuza FLAC mkidhani itapanda ubora. Kilichokatwa hakirudi, unaongeza uzito tu. Kama bajeti ni ndogo, nunua kifaa cha kawaida, pesa inayobaki itie kwenye hedifoni nzuri. Tofauti utaisikia hapo kwanza.

Mwanachuo, Mwanza:
Naongezea kuhusu kadi, maana hapa watu wanaumia. Niliuziwa kadi imeandikwa 64GB, na kompyuta nayo ikasoma 64GB. Nyimbo za mwanzo zilicheza, zilizofuata zikawa kimya au zinakwaruza. Ni kadi ndogo iliyodanganywa ijitambulishe kama kubwa. Sasa kila kadi mpya naijaribu kwanza: kwenye Windows kuna programu ya H2testw, kwenye Linux kuna F3. Inaijaza kadi yote, kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo kweli. Inachukua muda mrefu, acha ifanye kazi yake.

Jingine, kadi zinazozidi 32GB huja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, na vifaa vingi vya bei nafuu vinajua ule wa zamani tu, FAT32. Kinakuandikia hakuna kadi, unadhani tundu ni bovu. Chukua ya 32GB upumzike.

Mkimbiaji wa Dar:
Kwa mazoezi, chukua chenye kibanio na Bluetooth, waya unakera mtu akitoka jasho. Ila betri inakwenda haraka kuliko kwa waya. Na barabarani acha sikio moja wazi, malori hayana huruma. Sauti pia tuangalie: Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama kwa mtu mzima. Kadiri unavyopandisha, saa hizo zinapungua kwa kasi.

Fundi (mwanzisha uzi):
Shukrani sana wote. Dada wa Tanga, kwenye yangu nyimbo ndefu naziweka katika folda ya Audiobooks, siyo Music, na zinaendelea pale nilipoishia. Ukipata cha aina hii, mjaribie mama kwa njia hiyo. Wenye vifaa vyenye redio ya FM ndani, tuambieni: vinashika stesheni vizuri mkiwa mbali na mji?