Nimerudi na picha nyingi za safari, lakini sebule yangu bado haina ule mwanga niliouona

Msafiri wa Jioni

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Ninakarabati sebule pamoja na ujia unaoelekea vyumbani, na kwa kuwa nyaya zote za umeme zinabadilishwa, nimeona huu ndio wakati wa kufikiria taa kwa makini, badala ya kuning'iniza balbu moja katikati ya dari kama ilivyokuwa.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisafiri, na mara nyingi kilichonikaa moyoni si jengo wala mlima, bali jinsi mwanga ulivyokuwa saa ile nilipofika. Mambo mawili hasa hayanitoki. La kwanza ni msitu niliopita asubuhi moja, ambapo jua lilipenya kwenye majani na kumwaga madoa ya mwanga njiani, nayo yakawa yanachezacheza kila upepo ulipovuma. La pili ni Antelope Canyon, lile korongo jembamba la mawe ya mchanga huko Arizona, Marekani, ambamo mgeni hutembea akiongozwa na mwenyeji wa Kinavajo, na kuta zinawaka rangi ya chungwa ingawa jua lenyewe halionekani.

Nilinunua taa ya chuma iliyotobolewa matundu yenye umbo la majani, nikaifunga sebuleni, na matokeo yakanivunja moyo. Ukuta mzima ulijaa michoro yenye kingo kali, uso wa mgeni aliyeketi kwenye kochi ukagawanyika vipande vyeusi na vyeupe, na baada ya nusu saa macho yakaanza kuuma. Kwa ajili ya korongo nikanunua balbu za rangi ya chungwa, na chumba kikafanana na banda la kulelea vifaranga.

Swali langu ni hili: mtu anatokaje kwenye mwanga alioupenda safarini hadi kufikia taa, balbu na swichi anazoweza kuzinunua? Je, nitafute taa nyingine yenye umbo zuri zaidi, au nimekosea tangu mwanzo?

Fundi Mstaafu

Ndugu Msafiri, umekosea mahali padogo, napo panarekebishika. Ulinunua umbo la jani, ilhali kilichokupendeza msituni hakikuwa na umbo la jani. Ukikumbuka vizuri, yale madoa yalikuwa ya mviringo. Mapengo kati ya majani yana pembe za kila namna, lakini kila pengo dogo hufanya kazi kama tundu la sindano, na doa linaloanguka chini ni taswira ya jua lenyewe. Ndiyo maana jua linapopatwa nusu, madoa yote chini ya mti hugeuka kuwa hilali. Upana wa doa la namna hiyo ni takriban sehemu moja ya mia ya umbali kutoka kwenye pengo, kwa hiyo majani yaliyo mita 10 juu ya kichwa chako hutupa madoa ya sentimita 9 hivi, nayo huwa na kingo zilizofifia.

Sasa itazame taa yako. Nina hakika ndani yake kuna balbu ya kioo angavu, ambayo sehemu inayotoa mwanga ni nyembamba mno. Chanzo kidogo hutupa kivuli chenye ukingo mkali, na chanzo kipana hutupa kivuli laini. Kabla ya kuitupa taa hiyo, badilisha balbu: weka yenye kioo cheupe kama maziwa, uanze na ndogo, kwa sababu ukiweka kubwa sana michoro yote itayeyuka na utabaki na ukuta mtupu. Mpaka wa kupendeza uko katikati ya hizo mbili, na hakuna hesabu itakayokuonyesha upesi kuliko kujaribu kwa mkono.

Hata hivyo, balbu peke yake haitoshi. Msituni, kivuli hakiwi cheusi hata siku moja, maana anga lote huangaza sehemu ambazo jua halizifikii. Sebuleni kwako taa ile inafanya kazi peke yake katika kiza, ndiyo maana uso wa mgeni umekatwa vipande. Unahitaji taa ya pili ya kushika nafasi ya anga, yaani taa iliyoelekezwa juu, ikiangaza dari jeupe ili mwanga urudi chini umetawanyika. Iwashe hiyo kwanza, halafu uiwashe ya matundu kwa nguvu ndogo juu yake. Wengi hununua jua wakasahau kununua anga.

Kuhusu korongo, rangi haikutoka kwenye jua. Mwanga uliingia juu ukiwa wa kawaida, ukapiga ukuta, ukarushwa ukuta wa pili, kisha wa tatu, na kila mara jiwe la mchanga lilinyonya sehemu ya buluu na kurudisha sehemu nyekundu, hata ukafika chini umeiva. Kwa hiyo balbu iwe nyeupe yenye joto, yaani inayoelekea manjano, ya kelvini 2,700 hivi (hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga), na kazi ya rangi uuachie ukuta. Paka ukuta mmoja rangi ya udongo isiyong'aa, ufiche mkanda wa taa za LED nyuma ya ubao chini ya dari, mwanga uteremke ukutani bila mtu kuuona mkanda wenyewe. Ukitumia rangi ya mafuta yenye kung'aa, utaziona nukta za taa zimejipanga ukutani kama shanga, na raha yote itaishia hapo. Kwenye boksi utakuta pia herufi CRI au Ra pamoja na tarakimu, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa usahihi. Chagua 90 au zaidi, la sivyo ule udongo wako utaonekana kijivu kilichochoka.

Mtembea Pwani

Nakubaliana na Fundi, ila naomba kuongeza tahadhari kuhusu picha. Kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe na kuongeza mwangaza mahali penye giza, hivyo picha ya jioni huonyesha chumba kilichojaa nuru, ilhali wewe uliyekuwapo hukuweza hata kusoma gazeti. Anayechagua taa kwa kufuata picha anafuata maamuzi ya simu yake.

Mimi siku hizi huandika sentensi tatu au nne kwenye daftari: mwanga ulitoka upande gani na kwa urefu gani, uligusa kitu gani kabla ya kunifikia, niliweza kuona nini na nisiweze kuona nini. Nilipokuwa Istanbul, ndani ya Hagia Sophia, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, niliandika kwamba kuba linaonekana kuelea kwa sababu kwenye kitako chake kuna duara la madirisha 40, na jicho, likipofushwa kidogo na mwanga huo, halioni kinacholibeba. Jengo hilo lilikamilika mwaka 537. Nyumbani nilichofanya ni kufunga mkanda wa taa chini ya kabati la vitabu, karibu na sakafu, na kabati zito likaonekana jepesi. Hakuna anayeingia kwangu akakumbuka Istanbul, wala sikutaka akumbuke.

Msafiri wa Jioni

Nimejaribu jana usiku. Balbu nyeupe ya ukubwa wa yai, na taa ya kusomea niliyoigeuza ikatazama dari. Sikutegemea tofauti kubwa kiasi kile: michoro imekuwa kama maji yaliyotulia, na mke wangu, ambaye wiki nzima alikuwa akiniomba niirudishe taa dukani, alikaa chini yake akamaliza kushona bila kulalamika. Korongo litasubiri rangi ikauke.

Bado nina shaka moja. Je, umbo la taa lenyewe halina maana kabisa? Ninaona taa nyingi nzuri zinazofanana na maua, koa au mbegu.

Nuru ya Kaskazi

Umbo lina maana, lakini tazama lilivyopatikana. Mwaka 1958 Poul Henningsen, mbunifu wa taa wa Denmark, alibuni taa kwa ajili ya mkahawa wa Langelinie mjini Copenhagen, ikiwa na vipande 72 vya chuma vilivyopangwa safu 12, kila safu ikiziba pengo la safu nyingine, kiasi kwamba usimame popote huwezi kuiona balbu. Waingereza waliifananisha na mboga ya artichoke, ilhali Wadenmark wanaiita koni ya msonobari. Taa moja, mimea miwili! Alichokuwa akikifukuza ni mwako unaochoma jicho, na koni nayo hufunika mbegu zake kwa magamba yanayopishana, kwa hiyo wamekutana njiani.

Mfano wa safari naupenda zaidi. Mwaka 1951 mchongaji sanamu Isamu Noguchi alipita Gifu, Japani, akaona uvuvi wa usiku katika mto Nagara, ambapo ndege wapiga mbizi waitwao mnandi, waliofunzwa, huvua samaki kwa mwanga wa moto. Mji huo ulikuwa na mafundi wa taa za karatasi, naye akaanza kubuni pamoja nao taa alizoziita Akari: fito nyembamba za mianzi huzungushwa kwenye kalibu, karatasi ya magome ya mforosadi hugandishwa juu yake, kisha kalibu hutolewa. Hakuchonga ndege wala mtumbwi. Alichukua karatasi na mikono iliyoijua.

Kwa kuwa bado hujafunga swichi, nakusihi pia ufikirie machweo. Jua likishuka, mwanga hupungua na wakati huohuo huiva kuelekea wekundu. Balbu za zamani za nyuzi zilifanya vivyo hivyo ukizipunguza nguvu, lakini LED ya kawaida ikipunguzwa hubaki na rangi ileile, na chumba huonekana kimepauka kama kuna mgonjwa. Zipo LED zilizotengenezwa kubadilika rangi kadiri zinavyopungua, na kwa sebule sioni sababu ya kununua nyingine. Na usishawishike kununua balbu za buluu kwa ajili ya "mwanga wa mbalamwezi". Mwezi hurudisha mwanga wa jua tu, tena ulioelemea kidogo kwenye njano. Buluu tunayoiona ni kazi ya jicho letu gizani.

Fundi Mstaafu

Neno moja kabla rangi haijapakwa. Umewahi kuona jangwa asubuhi, jua likiwa chini, jinsi kila kiwimbi cha mchanga kinavyotokeza, na mchana vyote vikapotea? Mkanda uliobanwa karibu na ukuta utaufanyia ukuta wako vivyo hivyo, na kila alama ya mwiko itaonekana. Usogeze mkanda mbali na ukuta kidogo, au mwite fundi wa plasta arudie kusawazisha. Mimi ningemwita fundi.

Msafiri wa Jioni

Nimewasha tochi na kuilaza ukutani. Anakuja Jumatatu.