Tupeane uzoefu: Pippo Inzaghi alikuachia kumbukumbu gani?

Mleta mada
Wakuu, vijana wa mtaani kwetu walikuwa wanabishana nani namba tisa mkali kuwahi kutoka Italia. Inzaghi hata hakutajwa. Eti hana chenga, hana shuti, danadana zenyewe tabu. Sawa, ila huyo asiye na chenga alifunga 24 akiwa na Atalanta msimu wa 1996/97, akawa mfungaji bora wa Serie A, Juventus wakambeba, 2001 akatua Milan. Mpaka anastaafu alikuwa na mabao 70 kwenye mashindano ya klabu za Ulaya.

Naanza na yangu. Nilikuwa mshambuliaji wa mchangani, mwembamba, mbio sina. Baada ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Athens 2007, Milan na Liverpool, nikaanza kumuiga: nasimama kwenye bega la beki wa mwisho, mguu mmoja tayari umeotea. Mechi ya kwanza niliotea mara saba. Kocha akanitoa kabla ya mapumziko, akaniuliza nimekuja kucheza au kusubiri daladala. Mechi ya tatu mpira ukagonga mwamba ukanikuta pale pale. Goli la goti! Leteni zenu.

Kibendera
Nimeshika kibendera ligi ya wilaya miaka sita. Watu wa aina hiyo ndio walionizeesha. Mpira unapopigwa unatakiwa umwone mpigaji na umwone yeye kwa wakati mmoja, na macho Mungu kakupa mawili tu. Ukimnyanyulia mara nane wala hanuni, anarudi kuvizia. Ya tisa mkono umeshachoka, umechelewa nusu sekunde, goli, na uwanja mzima unakutukania mama. Nikimwona yule Mwitaliano kwenye luninga nilimhurumia mwenzangu wa pembeni, siyo mabeki.

Dada wa Anfield
Athens msinikumbushe. Tarehe 23 Mei, kibanda umiza kimejaa, mwanamke ni mimi peke yangu na jezi yangu nyekundu. Tunaelekea mapumziko, Pirlo anapiga frikiki, mpira unamgonga Inzaghi, kipa wetu Reina ameshakwenda upande mwingine. Nikasimama juu ya benchi: mkono! Mpaka leo nasema ule ni mkono. Dakika ya 82 Kaká akampenyezea, akamzunguka kipa, akausukuma. Ule mpira ulitambaa jamani, hata mimi ningeuwahi. Kuyt akarudisha moja, too late kwetu, 2-1. Shemeji tuliwekeana dau la jogoo. Alikuja kumchukua alfajiri. Niliamshwa na jogoo wangu akilia juu ya baiskeli ya mtu.

Mkimbia Bure
Mnamsifia, mimi simpendi. Kombe la Dunia 2006, Hamburg, Italia na Jamhuri ya Cheki. Inzaghi amebaki na Čech tu, pembeni yake Barone anakimbia peke yake, hana wa kumkaba. Angempa tu. Wapi! Akampita kipa, akafunga mwenyewe, 2-0. Mimi ndiye Barone wa timu ya kazini kwetu. Nimekimbia uwanja mzima nikinyoosha mkono mara ngapi, na jamaa ananiambia "nilikuwa sijakuona kaka". Tunakaa meza moja, ananiona vizuri sana ikifika saa ya chai.

Mtu wa Milano
Niko huku Italia tangu 2009. Tarehe 13 Mei 2012 nilikuwa San Siro, Milan na Novara, mechi yake ya mwisho. Miaka 38, ameingia kutoka benchi, matokeo 1-1. Seedorf akampa, kifua, shuti, wavuni. Akakimbia mdomo wazi kama mtoto aliyefunga goli lake la kwanza shuleni. Mzee mmoja pembeni yangu, hatukuwa tumesemeshana mechi nzima, akanikumbatia mpaka kofia yangu ikadondokea safu ya chini. Sikuifuata.

Na kabla Kibendera hajauliza: hakikunyanyuka.